Umeme Ulipokatika Mlangoni mwa Pango

Nilikuwa mjini Jinja nikisubiri redio yangu kwa fundi, ambaye pia hukodisha mchezo wa video kwa watoto. Wavulana walimnyima zamu binti wa jirani. "Wewe soma kitabu chako," walimwambia. Kitabu chenyewe kilisimulia hadithi ya mchezo uleule.

Shujaa wao wa mchezoni alipofika kwenye mlango wa pango, umeme ukakatika. Binti akalowesha kidole, akafunua ukurasa.

"Mimi nimeshapita hapo."

"Dada, mlango unafunguliwaje?"

"Umeme ukirudi, nani anacheza kwanza?"

"Wewe."

Akawasomea. Umeme uliporudi, mkubwa wao akamkabidhi kidude cha kuchezea, lakini akazima televisheni. "Zamu yako ipo. Maliza kwanza sura hiyo."

Sisi wa Jinja, majirani wa bwawa la umeme, hulalamika kila umeme unapokatika. Siku hiyo sikulalamika, ingawa redio yangu bado ni bubu.