Draiva ya Sauti na Shamba la Busi

Nilipoanza kazi katika karakana ya kompyuta ya ofisi moja ya umma mjini Dodoma, mafundi wengi walikuwa na tiba moja kwa kila ugonjwa: kupiga window, yaani kufuta mfumo mzima wa mashine na kuuweka upya. Mkuu wa Karakana hakuipenda. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi kompyuta iliyonyamaza, akauliza nimeona nini. Nikajibu kwamba nadhani spika zimekufa.

"Kijana, nimeuliza umeona nini. Unachodhani kaa nacho."

Nilihamishiwa Mpwapwa, kisha Kondoa, nikarudi Dodoma. Kauli hiyo nikahama nayo. Hata hivyo, mwaka mmoja kabla ya kustaafu niliisahau, nyumbani kwa mwanamke mmoja, Zainabu, mtaani Ipagala, Dodoma.

Marehemu baba yake alikuwa amejirekodi katika kompyuta ya nyumbani, akieleza shamba lake la kijijini Busi amempa nani. Zainabu ndiye aliyelilima miaka yote ya ugonjwa wa mzee. Kaka yake, Juma, alitaka liuzwe. Kikao cha ukoo kiliamua kwamba maneno yasikilizwe kutoka mashine ileile, yasipitie simu ya mtu yeyote, kwa kuwa kila upande uliushuku mwingine. Siku moja kabla, Juma alileta fundi "aisafishe". Fundi akapiga window. Rekodi ilinusurika katika sehemu ya pili ya diski, lakini draiva ya sauti, programu ndogo inayouwezesha mfumo kuitumia kadi ya sauti, ilifutika.

Zainabu akaniita siku ya kikao; nilifika alasiri, wazee wameshakaa.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia Baba Mkubwa Issa, mwenyekiti wa kikao.

"Marahaba, fundi. Una muda mpaka adhana ya magharibi. Ikishindikana, tutaamua bila rekodi."

"Labda marehemu kaghairi," Juma alisema, akacheka peke yake.

Kwa haraka nilichukua katika flashi yangu draiva niliyodhani inafaa, nikaiweka. Skrini ikawa buluu, mashine ikaganda.

"Fundi, umeiua?" Zainabu aliuliza kwa sauti ya chini.

Niliiwasha upya katika hali ya usalama, ambayo huwasha mambo ya lazima tu, nikaiondoa draiva ile. Ndipo nikafanya nilichopaswa kuanza nacho: nilifungua orodha ya vifaa, nikasoma namba ya utambulisho ya kadi, tarakimu moja moja, Zainabu akiandika. Kwa bando la simu yake tukatafuta draiva ya namba hiyohiyo. Ilishuka polepole mno.

"Baba Mkubwa, twendeni tukatawadhe," Juma alisema.

"Kaa."

Ilipomaliza kushuka nikaiweka, na alama nyekundu iliyokuwa kwenye picha ya spika ikatoweka. Nikabonyeza rekodi. Kikohozi cha mzee kikasikika sebuleni, kisha maneno yake:

"Shamba la Busi nimempa Zainabu, nikiwa hai na akili timamu. Juma, wewe nilikusomesha."

Adhana ilianza. Hakuna aliyeinuka mpaka rekodi ilipokwisha.

Nimestaafu sasa, na katika miaka yote ya kazi, draiva ninayoikumbuka zaidi ni ile niliyoikisia. Shamba halikuuzwa. Msimu uliofuata Zainabu alipanda alizeti.