Namba Tano ya Mudir

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kompyuta, nilipewa daftari na kalamu. Mhandisi Mkuu, mzee wa asili ya Pemba aliyesimamia kitengo cha mtandao katika kampuni moja ya kusambaza dawa hapa Maskati, alinitazama juu ya miwani yake. "Bibi, hapa twaandika kwanza, kisha ndiyo twagusa mashine. Ukianza kinyume, utakuja kunililia." Nikacheka. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu, najiona najua kila kitu.

Nyinyi vijana wa leo mnachomeka waya tu, na kompyuta inapata anwani yenyewe. Zama zetu tuliijaza kwa mkono, mashine moja moja. Unafungua mipangilio ya kadi ya mtandao, yaani ile sehemu ya kompyuta inayopokea waya, unaandika anwani ya IP, ambayo ni namba ya kuitambulisha mashine hiyo peke yake. Kisha unaandika namba inayoonyesha mtandao wenu unaishia wapi, na anwani ya lango, njia ya kutokea nje. Ukikosea tarakimu moja, mwenye kompyuta atakuita mpaka ulichukie jina lako. Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kuzipa mashine mbili anwani moja. Hapo zinapokonyana: mara hii inafanya kazi, mara ile, mara zote zimekwama.

Mhandisi Mkuu alikuwa na kanuni. Anwani zinazoishia na moja hadi ishirini ni za seva na printa. Watu wote, mkubwa na mdogo, wanaanzia ishirini na moja. "Mtandao haujui cheo cha mtu," alikuwa akisema. Alipostaafu nikakaimu nafasi yake, na kanuni ile nikaishika bila kuteleza. Ndipo akaja Mudir mpya, yaani meneja wa kampuni nzima.

Anayeijua Maskati anajua kuwa namba fupi ya gari ni heshima, na watu huzigombea hasa. Mudir alikuwa na gari la namba fupi, na siku niliyokuwa namwekea kompyuta alichungulia kioo.

"Salma, hii tisini na nane ndiyo yangu? Karani wangu ana thalathini, mimi wanipa tisini na nane? Nipe tano."

Nikamweleza kuwa tano ni ya printa ya ghalani.

"Kwani printa itaona haya?" Waliokuwapo wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Printa ile ilikuwa imepelekwa kutengenezwa, kwa hiyo tano ilikuwa wazi. Nikampa, nikijiambia kuwa printa ikirudi nitaibadilisha. Kusema kweli, nilikuwa nangoja kuthibitishwa kuwa mkuu wa kitengo, na mwenye kuthibitisha alikuwa yeye.

Printa ikarudi siku niliyokuwa likizo. Nilipofika kesho yake, ghala lilikuwa limesimama. Hati za kutolea dawa zilikuwa zinatoka moja, zinakwama kumi. Madereva wanapiga honi uani. Mudir alishuka mwenyewe, amefura. "Nani ameigusa mashine hii?"

Aliyeigusa alikuwa Neema, mfanyakazi wetu wa usafi, mwenyeji wa Singida. Asubuhi hiyo alikuwa ameisogeza afute vumbi. Neema na mimi tulizungumza Kiswahili kila siku. Yeye alijua chai yangu naitaka na tangawizi nyingi, mimi nilijua majina ya wanawe wote watatu. Aliponiona naingia uso ukamkunjuka.

"Dada Salma, mimi nimefuta vumbi tu, waya sijaugusa. Wewe unazijua hizi mashine. Waambie."

Nilikuwa nimeshajua. Kabla ya kushuka nilipita kwenye kompyuta ya Mudir, nikaukuta ujumbe kiooni: anwani hii inatumiwa na mashine nyingine. Hata hivyo niliinama nyuma ya printa, nikaushikashika waya ambao ulikuwa mzima kabisa. Nikaipa printa anwani nyingine, nikaielekeza kompyuta ya ghalani huko, karatasi zikaanza kumiminika. "Waya ulikuwa umelegea," nikasema. Nilisema kwa Kiarabu, ili Neema asielewe.

Siku hiyo hiyo Neema akafukuzwa, akarudishwa kwa wakala aliyemleta kazini, mtaa wa Wadi Kabir. Mimi daftarini nikaandika: waya umelegea. Baada ya mwezi nikathibitishwa.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, chini ya wakubwa wengine wawili. Siku ya kuniaga walinipa ngao, wakasimama mmoja mmoja kusema hawajapata kuliona kosa langu. Nilikaa pale mbele yao na ngao mapajani, natamani ardhi inimeze. Anwani niliirekebisha kwa dakika mbili. Kusema kweli kungechukua muda mfupi kuliko huo, na ofisi ya wakala haikuwa hata mwendo wa dakika kumi kutoka kazini.

Mwaka huu niliipata namba ya simu ya Neema kwa mwenzake aliyekuwa akikaa naye. Nikapiga, nikamweleza yote tangu mwanzo.

"Nilijua siku ile ile, dada. Kiarabu cha waya nilikuwa nakielewa. Lakini nilisema moyoni una hofu tu, ikipoa utakuja. Pale kwa wakala nilikaa siku nane nikingoja tiketi ya kurudi kwetu. Kila gari likisimama nje nilitoka kuangalia kama ni wewe."

Nikamwomba anisamehe.

"Nimekusikia, dada," akasema, akaniaga kwa adabu. Neno nililolitaka hakunipa, nami sikuwa na uso wa kulidai.