Jerikeni Iliyofungwa kwenye Mashine

Nakumbuka vizuri, mwanangu, Jumapili moja pale Kendu Bay, tulipokaa ufuoni vijana wanne tukibishana kuhusu ndoano. Hatukubishana kuhusu samaki, maana samaki hatukuwa nao. Mmoja alisema ndoano zake zimetoka Japani, mwingine akamwambia hizo ni za watoto. Jua likafika utosini tukiwa bado kwenye ndoano. Mwishowe tukamwita mama mmoja muuza samaki, tukanunua kwake mbuta wawili na kuwapeleka nyumbani kwa maringo. Mke wangu alipowapasua aliniuliza kwa nini samaki wa ndoano ana alama za wavu shingoni. Nikamwambia ziwa lina mambo.

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu ya jana. Ulinijia na simu, ukanionyesha kile kidude cha mviringo kinachotupwa majini, halafu kinakutumia picha ya samaki walioko chini. Ukaniomba nimwambie baba yako, mdogo wangu, amuuze yule ndama mwekundu ili ukinunue. Sikukujibu, ukadhani mzee amesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa namfikiria Okoth, mtoto wa mama yangu mdogo, aliyezama akiwa na miaka ishirini na sita. Nitakueleza alivyozama, ingawa sijapata kumweleza kijana yeyote wa ukoo huu.

Wakati huo nilikuwa nimerudi kutoka Osiri, kule Migori, nilikochimba dhahabu kwa miaka mitatu. Wenzangu waliorudi na chochote walijenga nyumba za mabati. Mimi nilinunua vifaa vya kuvulia. Cheka tu, nina haki ya kuchekwa. Nilikuwa na fimbo ya kuvulia nyepesi mno, ungeweza kusahau kwamba umeishika. Nilikuwa na kizibao chenye mifuko kumi na minne, na katika mifuko yote hiyo nilitia njugu. Nilikuwa na samaki wa plastiki wa kila rangi, na mbuta walipita kando yao bila hata salamu. Mchagua jembe si mkulima, na mimi nilichagua jembe kuliko watu wote wa kata yetu.

Kisha nikanunua mashine. Ilikuwa sanduku dogo lenye kioo. Ulishusha waya wake majini, na kioo kikakuonyesha samaki walipo. Aliyeniuzia alichukua karibu dhahabu yote iliyonibakia, nami nikamshukuru kwa mikono miwili. Mashine ilitaka betri ya gari, na betri ikataka nafasi. Mashua yangu ilikuwa ya watu watatu tu. Mimi nilikaa mbele, Okoth akapiga makasia katikati, na nyuma alikaa Jaduong' Ogutu. Jaduong' ndivyo tunavyomwita mzee wa heshima, wajua. Kazi yake ilikuwa kukomba kwa kopo maji yaliyopenya kwenye mbao, na kuangalia mawingu. Siku hizo hiyo niliiona si kazi.

Basi nikamwambia Jaduong' abaki ufuoni, pale pake pakae betri. Hakukasirika. Alikiangalia kile kioo kwa muda, akakigusa kwa kidole.

"Hii kitu inaona chini," akasema. "Sawa. Na juu, nani ataangalia?"

"Jaduong', hii ni teknolojia."

"Haya. Lakini jerikeni ya Okoth uiachilie."

Hapo ndipo lilipo kosa langu, kwa hiyo nisikilize. Mashua zetu zilibeba jerikeni tupu iliyofungwa kifuniko barabara, ili mtu akianguka aishike. Yetu ilikaa karibu na Okoth, kwa sababu Okoth hakujua kuogelea. Watu wengi wa ziwa hili hawajui, na tunaona haya kulisema. Asubuhi ile nilikuwa nimeichukua jerikeni nikaifunga kwenye sanduku la mashine kwa kamba ya nailoni, mafundo matatu, ili mashine ikianguka majini isipotee. Jaduong' alikuwa ameyaona mafundo. Nilimwambia nitayafungua, kisha sikuyafungua. Niliogopa mashine isije ikazama. Kwa Okoth sikuogopa, maana Okoth sikumnunua.

Tukaenda. Na mashine haikudanganya, mwanangu, nisiisingizie. Samaki walikuwepo, wengi, wakipita kwenye kioo. Nilimwita Okoth aache makasia aje aone. Tukainama wote wawili juu ya kioo kile, tukicheka, na nyuma yetu mawingu yakashuka kutoka Mlima Homa bila mtu wa kuyaona. Nilipohisi upepo shingoni, maji ndani ya mashua yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Nikatafuta kopo. Kopo lilibaki ufuoni na mwenyewe. Tulianza kukomba kwa viganja, na wimbi la pili likatupindua.

Nilipoibuka nilikuwa nimeikumbatia jerikeni. Mashine na betri yake vilining'inia chini yake, vikiivuta hadi nusu ikawa ndani ya maji. Mashua ilikwisha kuchukuliwa mbali. Okoth alikuwa karibu nami, kama hatua tatu ingekuwa nchi kavu. Wanasema mfa maji haachi kutapatapa, lakini yeye alitulia kidogo, akanitazama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Omera, ndugu yangu, kata kamba."

Aliona kwamba bila ule mzigo jerikeni ingetubeba sote. Mimi pia niliona. Kisu kilikuwa kiunoni, nikakichomoa. Halafu nikasita. Miaka yote hii nimetafuta neno lingine la kuweka hapo, sijalipata. Nilisita. Niliifikiria mashine, nikafikiri labda jerikeni itaweza vyote. Wimbi likapita kati yetu. Lilipokwisha kupita, Okoth hakuwepo. Niliita mpaka sauti ikakauka.

Wavuvi wa omena, dagaa wa ziwa letu, walinitoa majini mimi pamoja na sanduku, maana kamba sikuikata hata baada ya hapo. Mikono haikutii tena. Watu walijaa ufuoni. Mama mdogo alikuja bila viatu, akamtafuta mwanawe kwa macho, kisha akaliona lile sanduku juu ya mchanga, mafundo yangu yote matatu hayajalegea.

"Na hii ilifika aje?" akaniuliza.

Hakuuliza tena hadi alipokufa, na kila nilipokwenda kumsalimu alinipikia uji. Uji ule ulikuwa mchungu kuliko tusi lolote. Okoth tulimpata siku ya tatu kwenye matete. Jaduong' Ogutu naye hakuniambia, "Si nilikwambia." Siku ile ile ya ufuoni alichuchumaa kando ya sanduku, akafungua mafundo yangu moja moja kwa vidole vyake vya uzee, akaichukua jerikeni na kwenda zake. Mashine niliitupa chooni. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekuwa mtu mzima ndani ya nyumba.

Sasa nakuusia. Kwa habari ya ndama, kwa baba yako sitakusemea. Ukikipata kidude chako kwa njia yako, kitumie, sitakukataza kuona chini. Lakini usimtoe mtu kwenye mashua ili kitu kipate pa kukaa. Mwenye kopo akae na kopo lake, na mmoja wenu aangalie juu hata kama samaki wanacheza ngoma kwenye simu. Na chochote cha kuokoa mtu usikifunge kwenye mali, hata kwa fundo moja, hata kwa safari moja. Usijiambie kwamba wakati ukifika utaikata kamba. Mimi nilikuwa na kisu mkononi.

Jaduong' alinirudishia jerikeni kabla hajafa. Iko nyuma ya jiko, kifuniko chake kizima. Ichukue leo, na mkiingia majini ikae karibu na yule asiyejua kuogelea. Mungu akulinde, mwanangu. Kila utakapoingia ziwani utoke, na kila utakayeingia naye atoke pamoja nawe, na mama yake asiwe na swali la kukuuliza.