Siku Niliyourudisha Ushuhuda Wangu

Asubuhi ile naikumbuka hata leo, mwanangu, maana ndiyo iliyoniachia kovu hili la mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi kiganja. Juzi nilikuona ukilitazama, ukaona haya kuuliza. Uliza tu! Mimi kovu langu silifichi wala silifuniki na leso. Nalionea fahari, na leo nitakueleza kwa nini, ila ukae utulie na hiyo simu uiweke chini.

Mimi nina kifafa. Ninacho tangu nikiwa msichana huko kwetu Vitengeni, na hadi leo, mvi zimejaa kichwani, bado ninacho. Zama zile ukianguka watu hawakuinui, wanakukimbia. Walisema una pepo, na povu lako likimgusa mtu naye ataupata ugonjwa. Mamangu, Mungu amlaze pema, hakusikiliza upuzi huo. Alinipeleka hospitali, nikapewa vidonge vya kumeza kila siku, na nikivimeza naweza kumaliza mwaka mzima sijaanguka. Kahindi wa Matsangoni alinioa akijua. Mamake, mavyaa wangu, alijua pia, ila alinipokea shingo upande, na kila nilipomshika mjukuu wake alikuwa akinitazama mikono.

Sasa, kanisani kwetu ibada haiwi ibada mpaka watu wamesimama kutoa ushuhuda. Unasema "Bwana asifiwe," watu wanaitikia, kisha unaeleza ulivyotendewa. Mwaka huo ulikuja mkutano wa maombi wa wiki nzima. Mhubiri mgeni akaniwekea mikono, nikajisikia mwepesi, nikalia mpaka leso ikalowa. Miezi minane ilikuwa imepita sijaanguka. Jumapili yake nikasimama. Nilikusudia kumshukuru Mungu kwa ile miezi minane, basi, nikae. Lakini watu walivyoitikia kwa shangwe ulimi ukanitangulia. Nikasema nimeponywa kabisa. Wakapiga makofi. Nikasema na vidonge nimeshavitupa chooni. Wakapiga vigelegele.

Uongo mtupu! Vidonge vilikuwa nyumbani, ndani ya kopo la majani ya chai. Basi sikiliza ujinga wa ujana: nilipofika nyumbani nililichukua lile kopo, nikaenda chooni nikavitupa kweli, ili nisiwe muongo.

Loo, sifa tamu, mwanangu! Nilialikwa Tezo nikatoe ushuhuda, nikaalikwa na kwingine. Nikapewa nafasi benchi la mbele. Mavyaa wangu, yule yule wa kunitazama mikono, akawa ananitambulisha kwa wageni: "Huyu ndiye mkaza mwanangu, aliyeponywa." Kichwa kikanivimba. Nikaanza hata kuwaambia wagonjwa kwamba hawana imani. Mimi huyu! Nikikumbuka hapo hadi leo nasikia aibu.

Hayakupita majuma sita nikaanguka bafuni. Nilipozinduka ulimi nimeuuma, basi nikasema jino linaniuma, nikanywa uji wa kupoa siku tatu. Mara ya pili ilikuwa shambani, peke yangu. Nikajiambia imani yangu ndiyo ndogo. Nikafunga, nikaomba, nikakemea. Kila kitu nilifanya isipokuwa kusema. Kahindi alikuwa akifanya kazi Malindi, akija nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili jioni, kwa hiyo hakuona kitu. Mwanangu wa kwanza, Karisa, alikuwa na miezi saba, na mchana kutwa nilikuwa nimembeba mgongoni.

Na kazi yangu wakati huo ilikuwa kukaanga mahamri kando ya barabara. Umenielewa, sivyo? Karai la mafuta yanayotokota, mtoto mgongoni, na mimi dawa nimezitupa.

Asubuhi hiyo ninayokusimulia nilisikia ladha ya chuma mdomoni. Mimi ugonjwa wangu hubisha hodi hivyo, nikisikia ladha hiyo najua sina hata dakika moja. Mbele yangu alikuwa amesimama Hawe Sidi, mjane wa katekista wetu, amekuja kuchukua mahamri yake mawili ya kila siku. Hawe kwetu Wagiriama ni nyanya, na yule alikuwa nyanya wa kanisa zima. Nikafungua leso upesi, nikamtia Karisa mikononi. "Nishikie huyu, Hawe." Nilitaka kumwambia naanguka, nikaona haya. Hata hapo, mwanangu! Nikajitia nainama kuchukua kuni.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Nilianguka, mkono ukaingia motoni, chini ya karai. Watu wakatawanyika huku wakipiga mayowe. Hawe Sidi, bibi wa miaka sabini na kitu, akamlaza mtoto mchangani, akanivuta kwa miguu mpaka mbali na moto, akanilaza kwa ubavu, akakunja leso yake akaniwekea kichwani. Akakaa hapo hapo chini, kashika mtoto, mpaka nikafumbua macho. Karai halikumwagika. Mungu ana huruma hata na wajinga.

Nilipotoka hospitali, mkono umefungwa bendeji, na watu wote nimewaambia kilikuwa kizunguzungu cha moshi tu, nilipita kwake kushukuru. Nikampa shikamoo, akaipokea, lakini hakunikaribisha chai. Akaniuliza, "Dawa uliacha lini?"

"Mimi nimeponywa, Hawe." Hebu fikiria, na mkono ule!

Akautazama mkono, akanitazama usoni. "Siku ile kanisani ulisimama kumshuhudia Mungu, au ulijishuhudia mwenyewe?"

Akanyanyuka, akaleta Biblia ya marehemu mumewe, akaifungua waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya kumi na mbili, akaniambia nisome kwa sauti. Ni pale Paulo anaposema habari za mwiba uliokuwa mwilini mwake, jinsi alivyomsihi Bwana mara tatu uondoke, na haukuondoka. Aliambiwa tu kwamba neema inamtosha, na kwamba nguvu za Mungu hukamilika mtu anapokuwa dhaifu. Mimi maneno hayo nilikuwa nayajua. Ila kila nikifika hapo nilikuwa nayaruka upesi, nikatafute penye ushindi na baraka.

"Mtume mzima," akasema Hawe, "na hakuondolewa. Je, alificha?"

"Hakuficha."

"Aliandika barua, mama, akaipeleka ikasomwe kanisani, mbele ya watu waliokuwa wakimdharau. Wewe umempita Paulo? Utarudi kumeza dawa zako leo. Na Jumapili utasimama pale pale uliposimama, uurudishe ushuhuda wako."

Nikalia. Nikamwambia mavyaa wangu atanirudisha kwetu Vitengeni, ataninyang'anya mtoto, na kanisani nitakuwa kichekesho. Nilidhani atanituliza. "Huenda," akasema. "Mimi siwezi kukuahidi mambo ya mavyaa wako. Lakini angalau mtoto hatakufia mgongoni."

Wiki ile niliisoma sura hiyo mpaka nikaikariri. Nakuambia kweli, sikupata ujasiri wowote wa ajabu. Nilichopata ni kupumzika. Miezi yote ile nilikuwa namwomba Mungu anifanye mtu mwingine, na hapa nikamkuta mtu wa Mungu aliyeomba akaambiwa hapana, na bado alikuwa mtu wa Mungu. Sikujua kama inawezekana. Nikalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu nitupe zile dawa.

Jumapili ikafika. Nikasimama, nikashika benchi la mbele yangu kwa mkono mzima. Nikasema, "Bwana asifiwe." Wakaitikia kwa nguvu, walitarajia muujiza mwingine. Nikasema, "Ndugu zangu, niliwadanganya. Sijapona. Vidonge nilikuwa navimeza siku ile nilipowaambia nimevitupa. Nikaenda kuvitupa kwa sababu yenu, nikaanguka, na nusura nimuue mwanangu kwa mafuta ya moto."

Nikasikia kunguru akitembea juu ya mabati. Hakuna aliyesema Amina. Mavyaa wangu akainuka, akamchukua Karisa, akatoka nje. Hapo ndipo nilipotaka kukimbia. Sikukimbia. Nikasema lililobaki: "Mungu hajaniacha. Nameza dawa, naomba, na ninaye." Kisha nikakaa. Mwanangu, mimi nimezaa watoto saba, nimejenga nyumba ya mawe, nimezika wakubwa zangu kwa heshima. Sijawahi kujivunia jambo kama maneno yale.

Lakini bado hujasikia. Ibada ilipokwisha watu walinipita bila kunipa mkono. Mlangoni akanisogelea mwimbaji mmoja wa kwaya, tukimwita Baba Kache, mtu mpole. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, mimi nina binti ana kifafa. Hukumjua, twamweka ndani watu wasimwone. Siku ile uliposema umetupa vidonge nikaenda nyumbani nikavitupa vyake. Nikamwambia aamini kama wewe. Sasa anaanguka kila siku, na mimi nilikuwa nampiga kwa kukosa imani."

Moto wa chini ya karai haukuniunguza kama maneno yale. Nilikaa chini pale pale mlangoni. Nilijua naweza kujiua mimi, nilijua naweza kumuua Karisa. Huyu mtoto wa watu sikujua hata kama yuko duniani, na ushuhuda wangu ulikuwa ukimmaliza.

Kesho yake asubuhi tulikwenda hospitali, mimi, Baba Kache na Kache mwenyewe. Alikuwa na miaka tisa, meno mawili ya mbele yamevunjika kwa kuanguka, na mwanga wa jua unamwumiza macho kwa kukaa ndani. Nilimshika mkono njia nzima. Nikamwambia, "Kosa halikuwa lako. Lilikuwa langu." Akaniuliza, "Kwani na wewe unaanguka?" Nikamwambia naanguka. Akacheka, mwanangu! Hakuwa amewahi kumwona mwenzake.

Mavyaa wangu alininunia mwezi mzima. Kahindi alimwambia mamake waziwazi kwamba mkewe harudi Vitengeni wala mtoto hatoki kwa mamake. Baadaye mavyaa huyo huyo ndiye aliyekuwa akiniuliza kila jioni, "Umemeza?" Aliniuliza hivyo mpaka alipofariki, na namkumbuka kwa wema.

Kache ni mwalimu siku hizi, shule ya msingi kule Tezo. Ana mume, ana watoto watatu, na kila siku anameza vidonge vyake kama mimi. Mwaka jana alisimama kanisani akasema mbele ya wazazi wa wanafunzi wake kwamba ana kifafa na haoni haya. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nikalia kwa furaha mpaka nikatolewa nje kupewa maji.

Basi nasaha yangu ni hii, nawe uishike. Mimi sisemi Mungu haponyi. Aponya, nimeona kwa macho yangu. Ila usimsaidie Mungu kwa uongo, hahitaji. Unapoumwa, sema unaumwa. Unapoogopa, sema unaogopa, kisha ufungue Neno ulisome lote, hata pale pasipokupendeza, hasa pale. Nguvu niliyo nayo sikuipata siku niliyopigiwa makofi, niliipata siku ambayo hakuna aliyenijibu. Na ninyi vijana wa leo mnaotoa ushuhuda kwenye simu, mkaona watu wanavyowasifu, kumbukeni kuna mtu anasikiliza ambaye hamumwoni, yuko ndani amefungiwa, na maneno yenu ndiyo anayoyategemea. Ukimdanganya kwamba umesimama, yeye ndiye atakayeanguka.

Sogea hapa nikuwekee mkono. Mungu akulinde uendako na urudiko. Akupe afya, na asipokupa, akupe watu wa kuwaambia. Akupe kinywa cha kweli mbele ya kusanyiko, na masikio ya kumsikia anayekunong'oneza mlangoni. Amina. Haya, sasa niambie na wewe, kinachokuumiza ni nini?