Kiranja wa Kusoma

Mwalimu wa darasa la pili tunamwita Bi Chaki, maana hata akienda harusini vidole vyake ni vyeupe. Ana miaka kumi na tisa kazini, magoti mabovu, na mwaka huu watoto sitini na wawili kwenye madawati ishirini. Wengine wanasoma gazeti bila kukwama. Wengine hawajui hata kitabu kinashikwa upande gani. Ukishughulika na hawa, wale wanachoka na kuanza kuchapana rula. Wakubwa wanaosema kila mtoto afundishwe kwa kiwango chake, waje wajaribu siku moja tu.

Basi akabuni mbinu. Alimteua msichana mmoja mwenye sauti ya kupasua bati, akampa kijiti cha kuonyeshea na cheo cha kiranja wa kusoma. Tukambandika jina la Redio. Redio anatangulia, darasa linaitikia, naye Bi Chaki anapata nafasi ya kukaa mkekani kule nyuma na wale kumi wasiojua kitu. Mimi nafundisha chumba cha jirani, na ukuta wetu hauzuii neno. Nilikuwa nikimsikia Redio nawaambia wanangu, "Mnamsikia mwenzenu?" Lawama hii na mimi nimo, sijitoi.

Wiki iliyopita vililetwa vitabu vipya. Redio alifungua ukurasa wa kwanza, akanyamaza. Bi Chaki alidhani ni mafua. Akamwita pembeni, akamwonyesha neno moja, kisha jingine, kisha herufi tupu. Mtoto alikuwa akimtazama usoni, akisubiri kutajiwa neno la kuanzia. Kile kitabu cha zamani alikuwa amekikariri chote kwa masikio, hadi mahali pa kuvuta pumzi.

"Nimemtumia kama spika," Bi Chaki aliniambia ofisini. "Mwaka mzima sijamsikiliza peke yake hata mara moja. Wa mkekani sasa wanasoma. Yeye ndiye hajui." Alilia bila kujificha. Orodha ya wanaopanda darasa ilitakiwa Ijumaa. Aliamua kutoliandika jina la Redio, na amweleze mama yake ana kwa ana.

Mama mtu ni mfua nguo, mwepesi wa utani. Alikuja ofisini na Redio, na mtoto mdogo amelala mgongoni, mimi nikiwa meza ya pili nasahihisha madaftari. Alisikiliza, akaangua kicheko.

"Mwalimu, acha masihara. Huyu hajui kusoma? Asiyejua ni mimi. Nyumbani huyu ndiye macho yangu."

"Mama, kosa ni langu mimi..."

"Hebu ngoja." Alipekua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Majibu ya hospitali ya huyu wa mgongoni. Siku yalipotoka nilibanwa na kazi, nikamtuma dada mtu akayachukue. Haya, msomee mwalimu wako kama ulivyonisomea mimi."

Redio alisimama wima, akaishika karatasi kwa mikono miwili.

"Mtoto anaendelea vizuri," alisema kwa ile sauti yake. "Mama asiwe na wasiwasi. Apewe maziwa, na acheze na wenzake."

"Umesikia?" mama mtu alisema, uso umemchanua.

Bi Chaki aliichukua karatasi. Aliisoma kimya, kisha akairudia kwa kidole, neno kwa neno.

"Mama, kaa kwanza," alisema.

Akamsomea. Mtoto ana tatizo la moyo. Arudishwe ndani ya wiki mbili, asicheleweshwe.

"Ya lini hiyo?" mama mtu aliuliza.

Bi Chaki alinisogezea karatasi, nikaitaja tarehe mimi. Ilikuwa ya miezi mitatu iliyopita.

Redio alianza kusema kwamba aliona haya, kwamba kila mtu anamwita kiranja. Mama yake alikuwa ameshamfungua mtoto mgongoni, amemlaza mezani katikati ya madaftari, ameinama na kumwekea sikio kifuani.