Diski Moja ya Harusi na Matanga

Msichana alipokuja kutazama kanda yake ya harusi, nilimwekea kiti mimi mwenyewe. Aliketi, akaweka mkoba magotini, akaniambia nisijisumbue kumwonyesha keki wala magari. Alitaka kumsikia baba yake.

"Siku ile ngoma za isukuti zilikuwa zinalia sana," alisema. "Baba alinishika mkono akaniambia maneno, mimi nikaitikia tu. Sikusikia hata moja. Nilijua nyinyi mko hapo na mashini, nikasema nitasikia baadaye."

Baba yake alikuwa amezikwa wiki tatu kabla ya hapo. Alianguka kwenye shamba lake la majani chai huko Shinyalu, asubuhi, kikapu kikiwa mgongoni.

Nikawasha. Picha zilienda vizuri: kanisa, akina mama wa kwaya, gari lililofungwa riboni. Kisha mzee akatokea mbele ya hema akiwa na koti la kijivu, akamwendea binti yake, akanyoosha mkono, na kioo kikawa cheusi. Hakuna picha, hakuna sauti. Dakika moja na nusu ikapita hivyo, halafu tukaona watu wanakula.

Nilishtuka. Na kwa kuwa nilishtuka, nilidanganya. Nikamwambia mashini imepata joto, arudi Ijumaa. Akanishukuru na kuniambia pole na kazi. Heri angenitukana.

Sasa nieleze tulivyofika hapo, kwa maana kosa lilikuwa na mwenyewe, na ilinichukua siku mbili kukubali kwamba mwenyewe alikuwa mimi.

Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya tisini, mjini Kakamega, katika studio ya video iliyokuwa ghorofani juu ya duka la mbegu na mbolea. Mwenye studio alikuwa mwalimu mstaafu, nasi tulimwita hivyo hivyo, Mwalimu. Tulikuwa na vyumba viwili vya kuhariri. Kimoja kilikuwa cha harusi, nacho kilishikwa na fundi mmoja kutoka Ukambani, mtu mpole aliyeweza kukaa siku nzima bila kusema neno. Kingine kilikuwa cha matanga, na huko alitawala mama mmoja wa hapo hapo Shinyalu tuliyemwita Senje, yaani shangazi. Senje alikuwa amepiga picha za mazishi tangu enzi za kamera za kubebwa begani, na hakuna familia iliyomwona akishika simanzi ya watu kwa mkono mchafu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, cheti cha kompyuta kutoka Nairobi, na ulimi uliotangulia akili.

Nilipoajiriwa, kila kompyuta ilikuwa na diski yake ndani ya droo ya kuchomoa. Senje akitaka picha ya marehemu akiwa hai, na mara nyingi picha hiyo ilikuwa kwenye harusi ya mtoto au mpwa, fundi alichomoa droo, akaivika taulo, akaipeleka chumba cha pili kama yai. Senje aliichomeka kwake, akaikamata picha kwa mausi, akaivuta hadi kwenye diski yake, akaachilia. Kisha droo ikarudishwa. Wakati huo wote fundi wa harusi alikaa bure akihesabu vidole. Siku moja droo ikaanguka kwenye korido, na harusi ya watu wa Musanda ikaenda nayo. Hapo ndipo Mwalimu aliponiuliza kama kuna njia nyingine.

Njia ilikuwepo. Nilitoboa ukuta, nikapanda darini kwenye kinyesi cha popo, nikavuta waya hadi kabati la mwisho wa korido. Humo niliweka mashini kubwa ya mtumba yenye diski nne, nikazifunga pamoja zikawa diski moja, ionekanayo kutoka vyumba vyote viwili. Siku nilipofungua harusi ileile kwenye vyumba viwili kwa wakati mmoja, picha zikatembea huku na kule, Mwalimu alivuta kiti akaketi. Baadaye akaibatiza ile mashini jina: Stoo.

Senje peke yake hakufurahi. Alisimama mlangoni pa kabati, mikono kiunoni.

"Mukhana wanje," aliniambia, na hivyo ndivyo watu wake humwita binti yao, "harusi na matanga unatia chungu kimoja?"

"Senje, hiyo ni kompyuta, haina pepo. Nimewawekea folda mbili. Wewe hutagusana na bibi harusi."

Watu wakacheka, nami nikacheka zaidi yao. Sikufunga folda yoyote kwa neno la siri, kwa sababu niliona ni usumbufu, na pia kwa sababu nilipenda kusema kwamba kwetu kila mtu anafungua kila kitu. Senje akarudi kazini. Desturi yake ilibaki ileile: familia ikishanyolewa nywele kwa mila baada ya mazishi, nayo imepokea kanda yake, alifuta kila kitu cha marehemu huyo kwenye folda ya matanga. "Watu wakishanyolewa, tunafagia," alisema. Mimi nilimsifu mbele ya wengine. Folda ya harusi ilikuwa jalala, ya Senje ilikuwa ua lililofagiwa.

Disemba ilipofika, harusi zilitujia kama mvua na kanda tupu zikawa adimu. Mwalimu aliniuliza kama kanda ikishamwagwa, yaani kunakiliwa, kwenye Stoo inaweza kurekodiwa tena juu yake. Nikamjibu bila kuinua kichwa: "Si iko kwa Stoo?" Neno hilo likawa sheria ya ofisi. Nililisema mimi, tena kwa madaha.

Basi msichana alipoondoka nilifunga mlango nikatafuta. Kwenye folda ya harusi kulikuwa na faili zote za siku yake isipokuwa ile moja ya baba yake. Nikakimbilia kabati la kanda. Niliipata yake, jina la familia likiwa limeandikwa kwa penseli, nikashusha pumzi, nikaitia kwenye deki. Kwaya iliimba ubeti mmoja. Kisha picha ikaruka, na fahali mweusi na fahali mwekundu wakawa wanasukumana vichwa uwanjani kwenye shindano la kupiganisha fahali, wanaume wakipuliza firimbi na kurusha majani. Nikaisogeza mbele. Fahali. Nikaisogeza mbele tena. Fahali, mpaka mwisho wa kanda.

Fundi wa harusi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mimi ndio nilipiga hiyo," alisema polepole. "Ulisema iko kwa Stoo."

Badala ya kumjibu, nilikwenda kumgombeza mtu mwingine. Nilijua ni Senje aliyehariri mazishi ya yule mzee. Niliingia kwake bila kubisha na kumwambia, kwa sauti iliyofika dukani chini, kwamba amemfuta baba wa watu.

Senje alivua miwani. "Nilichukua picha yake ya kuanzia matanga. Nikavuta, vile navutanga. Wakanyolewa, nikafagia yangu. Yao ilibaki huko kwao."

"Haikubaki."

"Yao hubakinga," alisema. "Miaka yote hii nimevuta, na yao hubakinga. Kuja uangalie mkono yangu."

Akafungua folda ya harusi, akashika faili moja ya harusi nyingine, akaivuta hadi kwenye folda ya matanga, akaachilia. Ilifanyika haraka, kwa mkono wa mtu aliyezoea. Faili ikatokea matanga. Kule harusi ikatoweka.

Tulitazama pamoja. Yeye aliona mara ya kwanza, nami niliona mara ya kwanza pia, ingawa nilikuwa nalijua jambo lile kama ninavyojua njia ya kwetu. Ukivuta faili kutoka diski moja kwenda diski nyingine, kompyuta hutengeneza nakala na ya kwanza hubaki. Ukivuta ndani ya diski ileile, kompyuta huihamisha. Katika enzi za droo kulikuwa na diski mbili, na mkono wa Senje ulikuwa sahihi. Mimi nilikuja nikazifanya moja. Mkono ukabaki uleule, na kila alichokivuta tangu siku hiyo kilikuwa kinang'oka. Sikumwambia. Haikunijia hata mara moja kwamba kuna cha kumwambia.

"Na hukuona imetoka kule?" nilimuuliza, bado nikitafuta pa kumshika.

"Ukichota maji, unarudi kuangalia kama kisima kiko?"

Niligeuka nikatoka. Sikuomba msamaha siku hiyo. Mimi nikiaibika hukasirika, na nilikasirika mpaka kesho yake jioni, nikiwapigia watu milango. Halafu hasira ikaisha na kilichobaki kilikuwa hofu tupu.

Nilikaa na Stoo siku nne nikijaribu kuifufua ile faili. Kufuta katika kompyuta si kuchoma. Ni kama kung'oa kibao cha mwenye shamba na kulitangaza kuwa wazi. Mkulima mpya asipokuja upesi, mazao ya zamani bado unayakuta. Lakini ilikuwa msimu wa harusi. Mkulima mpya alikuwa amekuja, akalima, akapanda, na juu ya yule mzee nilikuta harusi mbili za watu wa Lugari na kuku wao wote. Nilifungua vipande mpaka macho yakavimba, na sikupata hata bega la lile koti la kijivu.

Zilibaki sekunde tisa. Senje alikuwa amezitia mwanzoni mwa kanda ya mazishi: mzee akimwinamia binti yake, mdomo ukitembea, na juu yake wimbo wa kanisani. Nilimuuliza kama hakusikia mzee alichosema alipokuwa anakata, maana lugha ilikuwa yake.

"Nilizima sauti kwanza," alisema. "Sauti ya marehemu mimi huizimanga kabla sijaanza. Nikisikia nitalia, na kazi haitaisha."

Ijumaa Mwalimu alitaka tumwambie msichana kwamba stima ilipotea ikaunguza mashini. Stima ilikuwa ikipotea kila wiki, na hakuna ambaye angeuliza. Senje akakataa. Alisema yule mtoto amezika, hawezi kuja hapa kudanganywa. Kisha akanitazama mimi, na wote wakanitazama mimi.

Kwa hiyo nilimwambia. Nilimwambia kwamba maneno ya baba yake yamefutika, kwamba kanda pia imefutika, kwamba hakuna mahali pengine, na kwamba mimi ndiye niliyepanga mambo yakawa hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, hata nilikuwa nimeweka leso mezani. Hakulia. Alikaa wima akanitazama kama mtu anayengoja nimalize, ilhali nilikuwa nimemaliza.

"Yote?" aliuliza.

"Yote, dada."

"Nani alikuwa anaitengeneza?"

Fundi wa harusi alikuwa amesimama kwenye fremu ya mlango. Aliinua mkono kidogo kama mtoto darasani.

"Wewe ulimsikia?"

"Nilimsikia," alisema. "Mara nyingi. Tulimwekea maikrofoni ndogo kwa koti, ikashika yeye tu, isukuti ikawa mbali. Ilikuwa sauti safi."

Kwa siku zote zile sikuwa nimefikiria kumuuliza. Msichana naye alikuwa amesimama.

"Alisema nini?"

Fundi alitazama viatu vyake. "Aliongea Kiluhya, dada. Mimi mtu wa Ukambani. Sikuelewa hata neno moja. Nilikuwa naangalia mdomo ndio nijue mahali pa kukata."

Nilisikia chini dukani mtu akimwaga mahindi kwenye mizani. Katika maisha yangu sijawahi kuona mtu akishikilia mkoba vile, na nilitamani sakafu initoe mbele yake. Mtu mmoja tu duniani alikuwa na maneno yale masikioni, naye alikuwa nayo kama sauti ya ndege.

Kisha fundi, ambaye hakuwahi kusema neno ambalo hajaulizwa, akaongeza:

"Lakini alicheka."

"Alicheka?"

"Eeh. Aliongea, akacheka, halafu akaendelea."

Msichana akaketi tena. Akauliza kama alicheka sana, au kidogo tu, kama mtu anayekohoa.

Fundi hakuhitaji kukumbuka. Alikuwa amekata sehemu ile kwa mikono yake, na alijua urefu wake kama mshonaji ajuavyo kipimo cha mteja.

"Fremu arobaini," alisema, yaani picha arobaini za mfululizo. "Hiyo ni sekunde moja na nusu, na kidogo juu."

Msichana alimwomba aonyeshe sekunde moja na nusu ni kiasi gani. Fundi akagonga fremu ya mlango kwa kidole, akangoja, akagonga tena.