Picha ya mukimbiaji wetu

Nimetoka kwa kinyozi nikiwa nimenyolewa nusu kichwa, na sirudi pale!

Munajua ile picha ya mukimbiaji Muethiopia, yule anarukaka vizuizi na maji? Tonton Léon, kinyozi wetu, aliitundika saluni, Galerie d'Ixelles, huku Bruxelles. Kila siku: "Ule ni client wangu!"

Bon, jana jamaa alianguka ndani ya maji, uwanja muzima ukacheka.

Leo picha iko chini, karibu na takataka. "Ametupatisha haya," Tonton anasema akininyoa.

Mara jamaa mwenyewe anaingia! Tonton ananiacha, anakimbia kuirudisha ukutani.

Jamaa anaangalia tu. "Acha, tonton. Ikauke kwanza."

Nikasimama, nikatoka naye.

Alors, nani mwingine ananyoa hapa barabara ya Chaussée de Wavre?